Dalali wa Nani, Wakili wa Nani? Maswali ya Wanaonunua na Kuuza Nyumba Uingereza

Simu nyingi ninazopokea huja usiku, watu wakishatoka kazini na watoto wakishalala. Upande wa pili huwa ni ndugu au dada ambaye benki imemkubalia mkopo wa nyumba, naye amekwishaanza kuzunguka na madalali Jumamosi. Furaha yake inasikika. Kisha huja maswali, na mengi ni yale yale.

Mimi si wakili. Ninaishi Leicester, nimenunua nyumba mara mbili na kuuza mara moja, na nimekaa na wenzangu wengi mezani tukisoma makaratasi yao. Majibu haya yanahusu England zaidi. Wales wanafuata njia karibu ile ile ila kodi zao ni tofauti, na Scotland nitaigusa chini.

Dalali wa hapa ana tofauti gani na dalali wa kwetu?

Kwetu dalali hutembea nawe. Unampigia, anakuzungusha Mbagala au Likoni, anakuonyesha nyumba tano za watu watano, na mwisho unampa chake. Mnunuzi humwona kama mtu wake, na mara nyingi hulipwa na pande zote mbili.

Hapa dalali ameajiriwa na muuzaji. Mkataba wake ni na muuzaji, kamisheni yake inatoka kwa muuzaji, na wajibu wake ni kumpatia muuzaji bei nzuri kuliko zote. Wewe mnunuzi anakutendea haki kwa kiwango ambacho sheria inamlazimisha: asikudanganye, asikufiche mambo makubwa kuhusu nyumba, asikubague. Zaidi ya hapo hana deni kwako.

Mtu wako wewe ni wakili. Ndiye hasa unayemlipa ili akulinde katika biashara yote hii. Kwa hiyo nashangaa kila mara ninapoona mtu ametumia miezi sita kuchagua nyumba na dakika sita kuchagua wakili.

Dalali amekuwa mwema sana kwangu. Kuna ubaya gani nikimwambia kiwango changu cha juu kabisa?

Ukimwambia dalali, umemwambia muuzaji. Hilo si kosa lake, ndiyo kazi anayolipwa kuifanya. Ukisema, "Benki imenipa hadi laki tatu na ishirini, lakini natoa laki tatu," umeshaitoa hiyo ishirini.

Mwambie yale yanayokupa nguvu: kwamba una barua ya benki ya kukubaliwa kimsingi, kwamba huna nyumba unayosubiri kuiuza, kwamba wakili wako yuko tayari. Anaweza kuomba ushahidi wa kianzio chako, na hilo ni jambo la kawaida. Mwonyeshe kinachotosha kwa bei uliyotaja, basi.

Sheria inamtaka apeleke ofa yako kwa muuzaji bila kuchelewa na kwa maandishi, isipokuwa muuzaji mwenyewe amesema ofa za aina fulani asiletewe. Nawe itume kwa barua pepe hata kama umeshaitaja kwa mdomo.

Mnunuzi analipa chochote kwa dalali?

Kwa kawaida hapana. Jihadhari na nyumba zilizoandikwa kuwa zinauzwa kwa "mnada wa kisasa" mtandaoni. Humo mnunuzi hutozwa ada ya kuishikilia nyumba, inaweza kuwa maelfu ya pauni, hairudishwi ukijitoa, na mara nyingi haihesabiwi ndani ya bei. Soma masharti kabla ya kubonyeza.

Dalali anasema nikimtumia wakili wake mambo yatakwenda haraka, na nisipomtumia muuzaji huenda akasita. Nifanyeje?

Kataa kwa upole. Haruhusiwi kukubagua wewe mnunuzi kwa sababu hukuchukua huduma zake, iwe ni wakili au mtu wa kukutafutia mkopo. Ukihisi ofa yako inacheleweshwa kwa ajili hiyo, uliza kwa maandishi: "Je, ofa yangu imepelekwa kwa muuzaji, na ni lini?" Swali hilo moja likiandikwa hunyoosha mambo mengi.

Fahamu pia kwamba nyuma ya pendekezo lile kwa kawaida kuna pesa. Ofisi nyingi za mawakili huwalipa madalali kwa kila mteja wanayeletewa, na malipo hayo huweza kufika mamia ya pauni. Si haramu kisheria, ila ni lazima uambiwe. Muulize dalali kiasi anachopata, kisha muulize wakili kiasi anacholipa.

Nyumba ya kwanza tuliyotaka kununua, tulikubali wakili wa dalali. Ilikuwa ofisi kubwa ya mbali, maelfu ya faili, kila ukipiga unapokewa na mtu mwingine anayeanza kukuuliza jina upya. Faili letu lilipita mikono ya watu watatu. Swali moja kuhusu ukuta wa nyuma lilikaa wiki tano bila kujibiwa, muuzaji akachoka, akauza kwa mwingine. Tulikwishalipa ukaguzi wa jengo na upekuzi wa kumbukumbu za nyumba, na pesa hizo hazikurudi. Mke wangu alilia ndani ya gari, nami sikuwa na la kumwambia. Mara ya pili tulikwenda kwa mama mmoja mwenye ofisi ndogo juu ya duka la dawa. Alikuwa ghali kwa pauni mia mbili na kitu. Alikuwa anapokea simu.

Simaanishi kwamba kila wakili anayependekezwa na dalali ni mbaya. Wapo wazuri. Mchunguze kama unavyomchunguza mwingine yeyote, na uamuzi uwe wako.

Nimtafute wakili lini?

Kabla ya kutoa ofa. Ofa ikikubaliwa dalali atataka jina la wakili siku hiyo hiyo, na mtu asiye na jina mkononi huchukua lolote analopewa. Omba makadirio ya bei kutoka kwa watatu wakati bado unatazama nyumba. Hakuna gharama ya kuuliza.

Kabla hujakaa sana kwenye mazungumzo muulize kama yumo katika orodha ya mawakili wanaokubaliwa na benki yako. Asipokuwamo, benki itataka wakili wake mwenyewe, na utalipa wawili.

Nitajuaje kwamba huyu ni wakili kweli?

Kazi ya kuhamisha umiliki wa nyumba England hufanywa hasa na watu wa aina mbili: mawakili wa kawaida, wanaosimamiwa na Solicitors Regulation Authority, na wataalamu wenye leseni ya kazi hii ya nyumba tu, wanaosimamiwa na Council for Licensed Conveyancers. Aina zote mbili zinafaa. Kila chombo kina daftari mtandaoni ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma bure. Tafuta jina la ofisi, hakikisha anwani na namba ya simu zinalingana na ulizopewa, kwa sababu matapeli hujenga tovuti zenye majina ya ofisi za kweli. Alama ya ubora ya Law Society, chama cha mawakili, kwa kazi za nyumba, iitwayo Conveyancing Quality Scheme, ni jambo la kuongeza imani.

Kisha piga simu, na sikiliza unavyopokewa. Nani hasa atashika faili langu, na akienda likizo? Ana mafaili mangapi mkononi sasa? Anajibu barua pepe ndani ya siku ngapi? Amewahi kushughulikia fedha zinazotoka Afrika Mashariki? Akiguna kwa swali hili la mwisho, hujakosea kuendelea kutafuta.

Jirani aliyekamilisha ununuzi mwaka huu ni shahidi bora kuliko nyota za mtandaoni. Ila asikupe jina kwa sababu tu ni mtu wa kwetu. Nimeona watu wakimpa faili la nyumba wakili wa uhamiaji kwa kuwa anaongea Kiswahili. Uhamiaji na nyumba ni fani mbili.

Bei ya wakili inahesabiwaje?

Tangu Desemba 2018 ofisi za mawakili zinalazimika kuweka wazi kwenye tovuti zao bei za kazi hii. Utakuta mafungu mawili. La kwanza ni ada yake mwenyewe, na juu yake VAT ya asilimia 20. La pili ni pesa anazokulipia kwa wengine: upekuzi wa halmashauri, wa maji na mifereji, wa mazingira, ada ya kusajili HM Land Registry (daftari la serikali la umiliki wa ardhi na nyumba), na ushuru wa stempu, yaani kodi ya serikali anayolipa mnunuzi.

Tazama yaliyofichwa chini. Tangazo la pauni 499 huja na "nyongeza ya nyumba yenye hati ya miaka", "nyongeza ya fedha za zawadi", "nyongeza ya mkopo", "ada ya kutuma pesa benki", na ukijumlisha umempita yule aliyesema 1,100 kwa uwazi. Omba jumla moja iliyoandikwa, yenye kila kitu kinachohusu nyumba yako. Uliza pia utadaiwa nini ununuzi ukivunjika katikati. Ofisi nyingine hazitozi ada yao ikivunjika, ingawa upekuzi uliokwishalipwa umekwenda.

Wakili ananiuliza pesa nimezipata wapi, mpaka taarifa za benki za miezi. Mbona ananishuku?

Hapa ndipo watu wetu wengi huumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wakili anabanwa na sheria za kuzuia utakatishaji wa fedha. Asipouliza, anaweza kupoteza kazi na hata kushtakiwa. Mzungu aliyeweka akiba benki moja kwa miaka kumi ana karatasi moja ya kuonyesha. Sisi pesa yetu imetoka katika mikono mingi: chama, mchezo wa kina mama, kiwanja kilichouzwa Kibaha, kaka wa Muscat aliyetuma, mjomba aliyelipa deni la zamani kwa M-Pesa. Zote ni pesa za halali. Kilichopungua ni karatasi, na kumkasirikia wakili hakuleti karatasi.

Anza mapema, hata mwaka mzima kabla. Pesa za chama zipitie benki, na mweke daftari lenye majina, michango na zamu. Siku ya zamu yako katibu akuandikie barua yenye tarehe na kiasi. Kama uliuza kiwanja, tafuta mkataba wa mauziano, ushahidi kwamba kilikuwa chako, na taarifa ya benki inayoonyesha mnunuzi alilipa na wewe ukahamisha. Karatasi za Kiswahili zitahitaji tafsiri ya mtafsiri anayetambulika, usitafsiri mwenyewe.

Zawadi ya ndugu inataka barua yake inayosema ni zawadi, si mkopo, na kwamba hatakuwa na haki yoyote ndani ya nyumba. Atatakiwa kutoa kitambulisho na kuonyesha pesa hizo alizipataje. Mwandae. Baba wa Tanga aliyeuza mazao maisha yake yote akiulizwa na kijana wa ofisini "chanzo cha utajiri wako" anaweza kuona amedharauliwa, na ni haki yake kuhisi hivyo. Mweleze wewe kwanza, kwa heshima, kabla barua haijamfikia.

Noti taslimu ulizoweka nyumbani ni tatizo kwa karibu kila ofisi. Na usizipeleke benki kidogo kidogo ili zisionekane, kwa sababu mwendo huo ndio unaowasha taa nyekundu.

Nimerithi nyumba Mombasa. Bado ninahesabiwa kuwa mnunuzi wa mara ya kwanza?

Hapana, na swali hili limewagharimu watu maelfu ya pauni. Nafuu ya ushuru wa stempu kwa mnunuzi wa mara ya kwanza ni ya mtu ambaye hajawahi kumiliki nyumba ya kuishi mahali popote duniani, hata kwa urithi, hata kwa zawadi. Mkinunua wawili, wote wawili lazima wawe hivyo. Kiwanja kitupu si nyumba, kwa hiyo chenyewe hakikutoi.

Kuna tundu la pili. Ukiwa na nyumba nyingine, au sehemu ya nyumba, yenye thamani ya pauni 40,000 au zaidi, popote duniani, na hununui ili kuchukua nafasi ya makazi yako makuu uliyoyauza, unaongezewa asilimia 5 ya bei yote. Nyumba ya mumeo au mkeo mnayeishi pamoja nayo huhesabiwa.

Chukua nyumba ya pauni 300,000 kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025. Mnunuzi wa mara ya kwanza halipi kitu. Mnunuzi wa kawaida analipa 5,000. Mwenye nyumba nyingine ya thamani hiyo huko kwetu analipa 20,000. Nyumba moja, mtaa mmoja.

Wapo watakaokwambia, "Nyamaza, watajuaje?" Fomu ya kodi huwasilishwa ndani ya siku 14 baada ya kukamilisha ununuzi, kwa jina lako na kwa kauli yako. Usiweke uongo chini ya paa la watoto wako. Mwambie wakili siku ya kwanza kila mlichonacho Afrika Mashariki, hata kile ambacho familia bado inagombana nacho, naye akueleze kinahesabiwaje.

Fleti niliyoipenda ina "miaka 82 iliyobaki". Maana yake nini?

Wenye asili ya Tanzania wataelewa haraka kwa kuwa wanajua hati ya miaka 33, 66 na 99. Fleti nyingi hapa ni za hati ya miaka: unamiliki muda, na jengo na ardhi ni vya mwingine. Miaka ikishuka chini ya 80 kuiongeza kumekuwa ghali zaidi, na benki nyingi huanza kusita ikipungua sana. Tangu 31 Januari 2025 huhitaji tena kusubiri miaka miwili ya umiliki ndipo uombe kuongezewa.

Muulize wakili mambo manne na usikubali majibu ya jumla: pango la ardhi unalomlipa mwenye ardhi ni kiasi gani na hupanda vipi, ada ya huduma za jengo imekuwaje miaka mitatu iliyopita, kuna matengenezo makubwa yanayokuja, na kwa jengo refu, hali ya ukuta wake wa nje kwa upande wa moto ikoje. Swali hili la mwisho limekuwa zito tangu moto wa jengo la fleti la Grenfell, London, wa 14 Juni 2017, uliochukua uhai wa watu 72, wakiwamo wahamiaji wengi. Wapo wenye fleti walioshindwa kuuza kwa miaka kwa sababu jengo halikuwa na karatasi inayotakiwa na benki.

Uzoefu wa fleti ni kitu cha kumchagulia wakili. Aliyezoea nyumba za kawaida tu anaweza kupitisha mkataba wa kurasa 60 bila kuona mstari unaokukataza kupangisha.

Wakili amefanya upekuzi. Bado nahitaji mkaguzi wa majengo?

Ndiyo. Wakili husoma makaratasi, hajapanda darini. Mthamini wa benki naye anaangalia kama nyumba inatosha kuwa dhamana ya mkopo, si kama paa linavuja. Tafuta mkaguzi mwenye uanachama wa RICS, chama cha wakaguzi na wathamini wa majengo, na usimchukue kwa kuelekezwa na dalali bila kuuliza wengine. Nyumba ya zamani sana au iliyoongezwa vyumba inataka ukaguzi wa ngazi ya 3.

Ofa yangu imekubaliwa na tangazo limeshushwa. Nyumba ni yangu?

Bado. England neno la muuzaji halimfungi mpaka pande mbili zibadilishane mikataba iliyotiwa saini, na kutoka ofa hadi hapo hupita miezi mitatu, minne, wakati mwingine zaidi. Katikati anaweza kukubali bei ya mwingine. Nawe pia unaweza kujitoa.

Siku ya kubadilishana mikataba ndipo unapolipa kianzio, kwa kawaida asilimia 10, na ukirudi nyuma baada ya hapo unakipoteza. Bima ya jengo ianze siku hiyo. Usitoe notisi kwa mwenye nyumba wako, usinunue sofa, usiwaarifu wazee nyumbani kwamba umeshapata, kabla ya siku hiyo. Ninajua furaha haikai kifuani, lakini nimewahi kuwa mtu wa kupiga simu ya pili, ya kusema nyumba tumeikosa.

Wakili mwepesi ndiye kinga yako kubwa dhidi ya kuzidiwa bei, kwa kuwa muuzaji anayeona mambo yanasonga hana sababu ya kusikiliza wengine. Mpigie mara moja kwa wiki, siku ile ile. Mara tatu kwa siku humpunguzia muda wa kufanya kazi yako.

Nimepata barua pepe ya wakili inayosema akaunti yao imebadilika. Nitume?

Usitume hata pauni moja. Wezi huingia katika barua pepe na kusubiri wiki ya malipo. Ichukue namba ya akaunti ya wakili siku ya kwanza, ana kwa ana ikiwezekana. Ujumbe wowote wa mabadiliko ukija, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo zamani, si ile iliyo kwenye ujumbe.

Sasa nauza. Nimchague dalali yupi?

Waite watatu waje kuithamini nyumba. Mmoja atataja bei ya juu sana, na moyo wako utamwendea. Mtazame huyo kwa makini. Wapo wanaotaja bei ya kupendeza ili wakufunge kwenye mkataba, kisha baada ya wiki tano waanze kukushauri ushushe. Kila mmoja akuonyeshe nyumba zinazofanana na yako zilizouzwa mtaani kwenu na bei zilizolipwa mwishoni. Bei hizo ziko wazi bure kwenye kumbukumbu za HM Land Registry, kwa hiyo unaweza kumhakiki ukiwa jikoni kwako.

Kabla hawajaja, mpigie kila mmoja kama mnunuzi, uulizie nyumba yake nyingine. Anapokea? Anakupigia tena? Wanunuzi wako watapokewa hivyo hivyo.

Jambo lisilojulikana na wengi: England kuanzisha ofisi ya udalali wa nyumba hakuhitaji mtihani wala leseni. Kinachotakiwa ni kujiunga na chombo cha malalamiko, ama The Property Ombudsman au Property Redress, na kusajiliwa na mamlaka ya kodi kwa ajili ya kuzuia utakatishaji wa fedha. Thibitisha hayo mawili mtandaoni. Uanachama wa Propertymark, chama cha madalali, ni wa hiari, kwa hiyo aliyenao amekubali kubanwa zaidi ya alivyolazimishwa.

Dalali wa mtandaoni wa bei moja anaweza kukufaa ikiwa una muda wa kuonyesha nyumba mwenyewe. Lakini wengi wao hulipwa iuzwe isiuzwe, na aliyekwisha kulipwa haamki usiku kwa ajili yako.

Nitazame nini kabla ya kusaini mkataba wa dalali?

Kamisheni ya asilimia 1.2 kwa nyumba ya 300,000 ni 3,600, na VAT ikiongezwa ni 4,320. Uliza bei pamoja na VAT tangu mwanzo, na bishana. Hapa pia bei hupungua.

Kuna mikataba ambayo dalali ni mmoja peke yake, na ipo inayompa dalali haki yote ya kuuza. Tofauti yake ni hii: katika ule wa pili, hata binamu yako akija kununua bila dalali kunyanyua simu, kamisheni unalipa. Epuka. Epuka pia kifungu kinachosema analipwa akishaleta mnunuzi "aliye tayari na anayeweza", maana utadaiwa hata ukibadili nia na nyumba isiuzwe. Kifungo cha wiki ishirini ni kirefu mno. Omba nane au kumi na mbili. Ukisaini nyumbani kwako au mtandaoni una siku 14 za kughairi, ila ukimruhusu aanze kazi ndani ya siku hizo anaweza kudai malipo ya alichofanya.

Nanunua na mume wangu, au na kaka yangu. Wakili anauliza "mtamilikije?"

Mkimiliki kwa pamoja bila mafungu, mmoja akifa sehemu yake humwendea aliyebaki moja kwa moja, wosia au mirathi haigusi. Mkimiliki kwa mafungu, kila mmoja ana sehemu yake na anaweza kuirithisha. Kwa Waislamu wanaotaka mirathi ifuate faraidhi, hili ni swali la kukaa nalo, pamoja na kuandika wosia, kwani sheria ya hapa haitagawa kwa faraidhi yenyewe. Ndugu wawili waliochangia viwango tofauti waandikishe hati ya mafungu siku ya kununua. Bila maandishi, undugu hubeba mzigo usio wake.

Sitaki riba. Wakili yeyote anafaa?

Si yeyote. Katika mpango wa ushirika unaopungua, unaoshika nafasi ya mkopo wa riba, taasisi na wewe mnanunua pamoja, unalipa pango kwa sehemu yao huku ukiinunua polepole. Sheria za kodi zimerekebishwa ili ushuru wa stempu usilipwe mara mbili, lakini wakili asiyezoea anaweza kukosea au kuchelewesha. Omba kwa taasisi yenyewe orodha ya mawakili inaowakubali, kisha uchague humo.

Na Scotland?

Mambo yamegeuka. Ofa hupelekwa na wakili wako, mawakili wengi wenyewe huuza nyumba, muuzaji huandaa ripoti ya ukaguzi kabla ya kutangaza, na makubaliano hufunga mapema zaidi. Tafuta wakili wa Scotland; wa Leicester hawezi kukufanyia.

Dalali au wakili amenitendea vibaya. Niende wapi?

Anza na malalamiko rasmi kwa ofisi yenyewe, kwa maandishi, yenye neno "malalamiko" juu. Wana wiki nane. Zikipita au jibu lisiporidhisha, dalali mpeleke kwenye chombo cha malalamiko alichojiunga, wakili mpeleke Legal Ombudsman. Huduma hizo mlalamikaji halipi. Usikae mwaka mzima na uchungu moyoni, kwa kuwa muda wa kulalamika huisha.

Nimerudi Zanzibar, nyumba yangu iko London na ina wapangaji. Nitaiuzaje salama?

Kwanza hakikisha ingali yako. Nyumba isiyo na mkopo ambayo mwenyewe yuko mbali ndiyo matapeli huipenda, na kumetokea nyumba kuuzwa na mtu aliyejifanya mwenyewe. HM Land Registry ina huduma ya bure ya kukupa taarifa mtu akijaribu kugusa hati yako, hadi nyumba kumi. Jiunge leo, ni dakika chache. Unaweza pia kuweka kizuizi kwenye hati ili mauzo yoyote yahitaji wakili kuthibitisha kwamba muuzaji ni wewe. Na anwani yako kwenye daftari lao iwe ya sasa, pamoja na barua pepe, la sivyo onyo litapelekwa kwenye mlango wa mpangaji wako.

Kisha mchague wakili kabla ya dalali. Atakueleza namna ya kuthibitisha kitambulisho ukiwa huko, karatasi zipi utie saini mbele ya shahidi, na kodi ya faida unayotakiwa kuiripoti ndani ya siku 60 baada ya mauzo, hata kama mwishoni huna cha kulipa. Dalali akija baadaye atakuta mlango umekwishafungwa komeo.